Jua la Kizibo cha Soda

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, nikaifuta, kisha nikairudisha. Bado wewe ni mkubwa wangu.

Studio yako ya picha ya Butimba tumeifunga. Mama amenikabidhi boksi la negativu nizipange, kwa kuwa mimi ndiye uliyenifundisha kusafisha mkanda. Kwanza niliitafuta ile ya kupatwa kwa jua. Picha yake iko ukutani darasani kwetu, na chini yake insha yangu ya kurasa tatu: ulivyofika kaskazini mwa Uganda, jua likafunikwa lote, kuku wakaenda kulala mchana. Mimi ninayetetemeka nikiulizwa swali, niliisoma mbele ya darasa zima. Tangu hapo wananiita Mpwa wa Jua. "Mpwa wa Jua, leo tuanike nguo?" Nililipenda jina hilo, Mjomba.

Bahasha niliipata. Nikainua negativu dirishani. Picha sita za kwanza ni watu wanaotazama juu, na mawingu. Mawingu tu. Ya saba ni meza ya studio. Ya nane, balbu. Halafu kizibo cha soda kwenye waya mbele ya balbu, mara juu, mara chini, na katika moja kidole gumba chako kimeingia. Ya kumi na nne ndiyo ile ya ukutani.

Ungeweza kuzichoma. Lakini ulizitunza zote kwa mfuatano, kama ulivyonifundisha. Sijui kama ulitaka nizione, au hukufikiri kwamba ningetazama.

Kizibo ningekisamehe. Lakini ulikwenda kweli! Ulisafiri, ukasimama na wale watu, mawingu yakafunga. Ungeniambia hivyo, ningejaza kurasa tatu vilevile. Nilikuuliza mara ngapi? Kila mara ulinijibu: "Andika, mjomba, giza lilikuwa kama wino." Ukaniacha niandike. Ukaniacha nisome.

Jumatatu nitaibandua picha na kuwaeleza. Watacheka. Jina jipya nadhani litakuwa Kizibo.

Lala, Mjomba. Nina hasira nawe, na jana nilikuja kupalilia kaburi lako nikiwa nayo hivyohivyo. Siku moja nitafika mahali jua linapopatwa lote, na kamera yako shingoni. Mawingu yakifunga, nitayapiga picha, nitayasafisha, nitayaleta nyumbani, na wakiniuliza nitasema: haya ni mawingu.

Mpwa wako