Amri Iliyorukwa

Jumanne, 3 Juni 2025
Nimerudi kazini. Yaani nimefungua laptop hapa Uru, kwa mama. Kazi ni ile ile: laibrari yetu, programu inayopanga msimbo wa programu za watu usomeke vizuri. Wapi mstari ukatwe, wapi nafasi iachwe. Mama kaleta mtori, supu ya ndizi anayopewa mzazi. Kapika kana kwamba mtoto wangu yuko hai. Nimekunywa. Hauna ladha—au mimi ndiye sina.

Jumatano, 4 Juni
Bosi wangu Raya kapiga simu kutoka mjini. Pole nyingi, kisha kazi. Mteja analalamika: akipitisha programu yake kwetu, amri moja inaacha kufanya kazi. Hakuna onyo. Programu inaendelea tu kama kawaida. Raya akauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa.
Ukungu mpaka mchana.

Alhamisi, 5 Juni
Nimelipata kosa! Juu ya ile amri mteja ameandika maelezo ya kusomwa na watu tu. Kompyuta huyaruka mpaka mwisho wa mstari. Laibrari yetu ikaona mistari ni mifupi, ikaiunganisha. Amri ikawa sehemu ya maelezo, ikarukwa nayo. Nimeweka sheria: baada ya maelezo mstari ukatwe, hata kama nafasi ipo. Majaribio yote yamepita. Raya kapiga kelele kwenye simu—Doris, wewe ni noma! Nikangoja nifurahi. Nikafunga laptop.

Ijumaa, 6 Juni
Mama anasema nilie. Machozi hayaji, nikamwambia. Basi kaa hapa unimenyee ndizi, akasema.
Nimemenya.

Jumapili, 8 Juni
Mume wangu Fabian kapanda kutoka Moshi baada ya misa. Dada yake Monica kajifungua jana, salama. Wa kike. Fabian kaja na begi la zile nguo tulizomnunulia mtoto wetu. Kasema taratibu: Monica hakujiandaa, lakini wewe ndiye wa kusema.
Nikasema mpelekee zote. Haraka hivyo nimejibu! Mama kaniangalia.
Sasa Fabian anangoja uani. Nimemwambia nafunga begi nakuja. Limejaa, zipu imebaki kidogo tu. Nje ya begi imebaki kofia ya njano, bado ina lebo ya dukani. Nimeishika kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia.
Anaita. Nakuja, nasema.
Mama naye anaita.
Nakuja—vidole vya kushoto havifunguki