Majani Yaliyong'olewa Siku ya Salongo

Dilala, Kolwezi

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima, na kile kikohozi cha vumbi kimeniacha tangu mvua zianze. Wewe je? Mguu unakubali kukufikisha sokoni? Na lile korongo nyuma ya jiko limefika wapi? Uliniandikia kwamba sasa unalivuka kwa ubao.

Shule tunayoijenga iko juu ya mteremko. Udongo wa hapa ukiuvua majani, mvua moja inatosha kuupeleka chini, na chini wanakaa watu. Nyumba ya kwanza ni ya mama Ngalula, mjane wa mchimbaji. Mlango wake unatazama juu, kwetu.

Mkubwa wetu wa kazi, sitwayeni Mulumba, maana siku hizi kila mwananchi anaitwa hivyo, alitaka ukuta wa mawe na saruji. Nilipiga hesabu nikaona ukuta ule ungekula mabati ya madarasa mawili. Nikamwomba tusifyeke upande wa chini mpaka siku ya kujenga hapo, na pale palipokwisha kufyekwa tupande majani yenye mizizi mirefu, kwa mistari inayokata mteremko. Majani yako bure kando ya mto.

Alinitazama. "Sawa, Mwadi. Lakini tope likiingia kwa yule mama, utaenda kulitoa wewe."

Hakuwa anatania. Tukapanda, na kila asubuhi nilikwenda kuyatazama kabla ya chai, kana kwamba macho yangu yangeyasaidia kushika.

Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Watu wa mtaa walitoka na majembe, nami nilikuwa nimetumwa mjini kutafuta misumari. Niliporudi, mteremko ulikuwa mwekundu mtupu, umefagiwa vizuri kabisa. Majani yangu yalikuwa lundo, na mama Ngalula amesimama kando yake, jembe begani.

"Mwana, tulikusafishia. Uliacha majani karibu na nyumba ya batu kama mutu hana mama."

"Mama, niliyapanda mimi."

"Ulipanda majani?" Akawageukia wenzake. "Mulisikia? Sisi tunalima mihogo, ye analima majani."

Walicheka sana. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu niliuona ufagio wako. Ungekuwa hapa, ungeng'oa wa kwanza. Ndivyo ulivyotulea: uwanja wenye majani ni wa mvivu, na nyoka analala humo. Mimi ninayejua hayo yote sikumweleza mtu hata mmoja kwa nini majani yale yapo.

Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Nzilo. Nikamwonyesha mama Ngalula mlango wake, kisha udongo ulio juu yake. Alishusha jembe begani.

"Mbona haukusema mbele?"

Akawaita wenzake warudi. Yenye mizizi mizima tuliyapanda tena, mengine tukayalaza juu ya udongo na kuyabana kwa vijiti. Hayakugharimu kitu ila migongo yetu.

Mvua ilitukuta tungali tumeinama. Ilipokwisha, udongo mwingi ulikuwa umetulia nyuma ya kila mstari. Tope kidogo lilifika mlangoni, nami nikaenda na koleo kama nilivyoambiwa. Mama Ngalula alininyang'anya.

"Lete. Hii tope ya leo ni yangu."

Sitwayeni Mulumba hajautaja ukuta tena, na mabati yameletwa. Mtoto akikanyaga mistari ile, sauti ya mama Ngalula inasikika mpaka barabarani.

Nisalimie kaka mkubwa na mke wake, na shangazi muuza mawese, na sista aliyenifundisha hesabu.

Sasa nakuomba jambo moja, mama, na najua ni gumu kwako. Usifagie nyuma ya jiko. Acha majani yaote kandokando ya korongo, uyakate yakirefuka, lakini usiyang'oe. Majirani wakisema nyumba hii haina msichana wa kufagia, waambie inaye, yuko Kolwezi, na ndiye aliyekuomba uyaache.

Binti yako,
Mwadi