Ukuta wa Jikoni

Mutoto wangu Néhémie,

Nakusalimia sana. Koko yako, bibi yetu muzee, iko muzima, dada yako Merveille na batoto bake bako bazima, mudogo wake Fanny iko na mimba ya miezi saba. Baba yako pia iko.

Tetemeko ya juma ilipita haikuvunja kitu hapa Baraka, sahani tu zililia. Lakini bantu balisema kwenye nyumba imepasuka batagawa mabashi, yale maturubai ya kufunika nyumba. Kabla benzako ba chuo bafike kupima tetemeko, baba yako akachukua jembe, akapiga ukuta ya jikoni mpaka ikapasuka. Nikamuambia, "Baba Néhémie, si kazi ya mutoto wako unaharibu hii?" Akacheka: "Nyamaza mama, udongo haitasema."

Bale bijana bakapima ile ufa, bakaandika ku karatasi zabo hapa nguvu ya tetemeko ilikuwa kubwa. Bakamushukuru! Na miye nilinyamaza. Tangu siku ile, hata kumuona ananawa mikono ale, siwezi, natoka inje.

Ulinieleza hizo karatasi zitaonyesha kwenye inchi imekatika chini, bantu basijenge pale. Basi karatasi ya kwetu uitoshe mule, isihesabiwe, tafazali.

Nakuandikia sababu simu iko na baba yako. Unijibu mbio: juma ijayo benzako banaenda kupima Nundu kwa mujomba wako, na baba yako amekwisha kumupigia simu, kumuambia habari ya jembe.

Mama yako, Marthe