Uyoga Unaonuka Penseli

Kaka yangu Emrys,

Huku Wales kunanyesha tu, na kondoo wametafuna nyasi za mlimani zikabaki fupi kama zulia. Uyoga umeanza kuchomoza. Wiki iliyopita nilimshika Baba mkono tukapanda malishoni kuutafuta.

Nilichuma mmoja mdogo mweupe. "Ni ule wetu wa kila mwaka," nikamwambia.

"Hebu nipe." Akaunusa, akatabasamu. "Huu unanuka penseli iliyochongwa sasa hivi, mwanangu. Ule wetu haunuki hivi. Huu ni mgeni hapa. Waandikie wale wa chama cha uyoga kwamba umeonwa na mimi, Gwilym."

"Lakini Baba, hukuuona."

"Basi andika umenuswa."

Tulicheka hadi kondoo wakatukimbia. Nikaandika hivyo hivyo, na chama kimethibitisha kwamba ni kweli.

Alinikataza kukuambia, asije akakutoa kazini: tangu kiangazi haoni kabisa. Njoo, kaka, hata kwa siku chache. Ukifika mlangoni, sema kwanza ndipo umkumbatie, ajue ni wewe.

Dada yako akupendaye,
Mererid