Mzee Magesa Hakukataa Kuoga

Buhare, Musoma
Jumapili jioni

Dada yangu Anitha,

Shikamoo. Kwanza nataka kujua goti lako linavumiliaje baridi ya Ludewa mwaka huu, na kama shemeji amemaliza kuvuna mahindi ya kule bondeni. Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea, na samaki sato ninakula mpaka naona aibu nikikumbuka mboga zenu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini mpishi ahojiwe na watu wa serikali, nikasema nitakuandikia. Nimefungua daftari langu la kila siku ili nisikosee mpangilio.

Unajua napika kwenye nyumba ya kulelea wazee, ya mtu binafsi. Wazee wametoka Kibara, Butiama, kila mahali. Mmoja ni Mzee Magesa, mfugaji wa Nyamuswa. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia, na mkewe alishafariki. Mtoto wake yuko migodini na ndiye anayemlipia. Mimi na mzee tulianza utani siku ya kwanza. Nikimpelekea uji ananiita Mnyalukolo, kama wanavyotuita sisi watu wa nyanda za juu kusini. "Nyie watu wa pombe ya ulanzi, na baridi yenu ile, mnaogaga kweli?" Namjibu kwamba kwetu tunaoga Krismasi.

Mhudumu wa vyumba vya wanaume ni Nyanjura, binti mpole. Lakini mume wa Nyanjura ni mtoto wa kaka yake Mzee Magesa, kwa hiyo kwa watu wa huku yeye ni mkwe wa mzee kabisa. Mkwe hamwoni baba mkwe akiwa uchi, wala hamshiki mwilini. Hata mikono hawapeani. Basi kila asubuhi Nyanjura alikuwa anaweka ndoo ya maji ya moto, anatoka, kisha anauliza akiwa nje ya mlango:

"Baba, umeoga vizuri?"

"Nimeoga, mama. Asante."

Hapo hakuna aliyemdharau mwenzake. Ila mtu wa mkono mmoja hafiki mgongoni, na muda wote huo hakuna aliyemtazama huko nyuma.

Jumanne moja niliingia na uji nikasikia harufu mbaya. Mzee hakunitania. Alisema, "Funga mlango, Mnyalukolo. Wewe ni mwanaume, na sina undugu na wewe. Hebu nitazame huku."

Dada, juu kidogo ya makalio palikuwa na kidonda ambacho ngumi yangu ingeingia. Ni cha kukaa na kulala bila kugeuzwa. Nilimfunika kwa kitambaa safi, nikaenda kwa mama mwenye nyumba hii ya wazee.

"Wewe kazi yako ni sufuria," akaniambia. "Yule alikataa kuogeshwa. Mtu akikataa, mimi nimfanyeje?"

Alitaka apakwe dawa pale pale, mambo yaishe. Nikampigia simu mtoto wa mzee. Siku hiyo hiyo akaagiza gari na mzee akalazwa hospitali, kisha akapeleka malalamiko ustawi wa jamii. Hapo neno "alikataa" likawa ndilo shauri lenyewe. Likikubaliwa, kosa la kidonda ni la mzee mwenyewe, na wazee waliobaki hawana wa kuwauliza hali.

Mwenye nyumba alikuja wodini na soda na machungwa, akiwa ameongozana na Nyanjura. Nilikuwepo.

"Baba, sisi ni familia," alisema. "Serikali ya nini? Tena ukiendelea, atakayefukuzwa ni huyu mkwe wako."

Nyanjura alikuwa karibu na pazia, ameinamisha uso.

"Soda iache, nitakunywa," mzee alisema. "Hilo lingine nitajibu kesho."

Kesho yake akaja afisa ustawi wa jamii, dada wa umri wako. Mwenye nyumba, aliyerudi tena na Nyanjura, alirudia neno lake. Afisa akamgeukia mzee: "Baba, ni kweli ulikataa?"

"Kuoga sikukataa. Nilikataa kuogeshwa na mke wa mtoto wetu. Siku naletwa nilimwambia huyu mama, mwanangu akisikia: nitafutie mwanaume. Akasema atatafuta. Mpishi wake ni mwanaume, na hajamtuma hata siku moja."

"Hizo ni mila, baba. Dunia imebadilika," mwenye nyumba akadakia.

"Ungeniambia imebadilika siku unapokea hela, ningerudi zangu Nyamuswa."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Mzee hakucheka. Alisema, "Nyanjura, mama, toka nje kidogo." Alipotoka, akaendelea: "Huyo asifukuzwe. Aliyoyafanya ni ya adabu. Aliyeahidi siyo yeye." Kisha akaniambia nimgeuze, na kwa mkono wake mzima akavuta shuka.

"Angalia, binti. Wewe siyo mkwe wangu, wewe ni serikali."

Afisa aliangalia muda mrefu, akamfunika yeye mwenyewe. Alimwambia mwenye nyumba kwamba mzee ana haki ya kuulizwa anavyotaka kuhudumiwa, kuonwa na daktari mapema, na kudai fidia alipoumizwa kwa uzembe. Malalamiko yamepokelewa, nami nimehojiwa kama shahidi. Nyumba imeagizwa kuajiri wanaume, na Nyanjura yuko kazini. Mimi mwenye nyumba ameniambia nisikanyage jikoni mpaka shauri liishe, kwa hiyo kwa hela msinitegemee kwa sasa.

Siku hizi nashinda wodini, namwogesha na kumgeuza. Kidonda kinaanza kujifunga. Mwanaye anataka kumrudisha kijijini, na mzee amekubali, ila amesema shauri likiitwa Musoma atakuja hata kwa kubebwa. Nimemwambia nitambeba mimi.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo aliyetulea. Mwalimu wa kwaya mwambie nafasi yangu ya besi aitunze. Wapwa zangu uwapakate kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Festo