Drili Iliyokubali Dukani Tu

Jumanne, Mirongo

Na bado nimekasirika. Mzee mmoja wa kisiwani, Nansio, amevuka ziwa kunirudishia drili ya mtumba niliyomuuzia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mashine yako imekufa."

Nikasema tuijaribu hapahapa dukani. Umeme ulikuwa umekatika. Tukangoja mpaka alasiri, yeye akila mihogo yangu.

Umeme uliporudi, drili ikanguruma, ikatoboa ubao. Nikashangilia kama mjinga.

"Kwako inafanya kazi," akasema. "Mimi sikuinunua niitumie kwako."

Najua ubovu uko kwenye jenereta analotumia kwake kisiwani. Lakini utamwambiaje hivyo mtu uliyemwamkia?

Seremala wa Mkolani, aliyekuwa akichagua msumeno wa umeme, akaurudisha mezani taratibu.

"Na huu," akaniuliza, "unafanya kazi wapi?"