Kodi ya Frigo Ambayo Haiko

Jumamosi, 10 Mai

Magunia sita ya mupunga asubuhi. Mawili nimeyarudisha, yalikuwa na mawe chini. Wanadhani mwanamke hapimi. Nimepima.

Gari imekaa uani siku ya tatu. Jip nyeupe, ya mutumba. Japani, Dar, Kigoma, ziwa mpaka Kalemie, halafu siku kumi na moja za matope. Dola elfu tisa. Miaka kumi na minne ya samaki wa Nyangwe na mupunga wa Kasongo. Hakuna mwanaume aliyeongeza hata franka moja. Ushuru wa Kalemie nimeshalipa. Imebaki kodi ya kuandikisha, ndipo wanipe plaki ya namba.

Mkononi nina 1,300. Kodi ni kumi kwa mia: 900. Inatosha.

Tarehe 26 kliniki ya Kabambare wananipa kazi ya kuwabebea dawa, mwaka muzima. Mafuta wanalipa mbele. Sharti moja tu: plaki.

Kesho dua ya gari. Yaya Ramazani, kaka yangu mukubwa, anasema gari haitoki bila dua. Sawa. Mbuzi wawili.

Jumapili, 11 Mai

Watu themanini. Nilikadiria sitini. Wali ulitosha kwa sababu nilipakua mwenyewe.

Shehe alisoma vizuri, kwa ufupi. Ingeishia hapo. Lakini yaya, mutoto wa kwanza wa mama yetu, alishika mikro ya kipaza sauti. Akaanza kutaja vitu vya gari kimoja kimoja, watu wanaitikia. Treyi ya mbele, ile ya kamba ya chuma ya kujivuta mu matope. Kweli. Tanki ya pili. Kweli. Chanja ya mizigo juu. Kweli. Halafu frigo ndani, ya kubaridisha maji. Kamera ya nyuma. Viti vya ngozi, ngozi ya Ulaya. Gari ilikuwa imefunikwa vitenge, nani angeona? Mimi nilikuwa na sufuria mikononi. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka.

Bwana Gastoni, mukaguzi wa magari wa biro, ile ofisi ya kodi, alikaa karibu na mulango. Sahani mbili. Nyama nilimuongezea mimi.

Jumanne, 13 Mai

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Biro. Gastoni amefungua daftari. Maneno yote ya yaya yamo, yameandikwa siku ileile ya dua. Anasema gari ni kumi kwa mia. Lakini vitu vya kuongeza, vile ambavyo gari inatembea bila hivyo, vinaitwa opsioni. Ni raha. Raha ni thelathini kwa mia.

Treyi 800, tanki 300, chanja 200. Kodi 390.

Frigo 400, kamera 250, ngozi 1,100. Kodi 525.

Pamoja na ile 900: 1,815.

Nimemuambia treyi kwa njia ya Kabambare si raha. Bila treyi unalala porini siku tatu, unaomba mihogo ya watu. Anasema sheria haijui njia ya Kabambare. Haya. 900 na 390 ni 1,290. Nalipa, nabaki na dola kumi. Lakini frigo? Frigo iko wapi?

Jumatano, 14 Mai

Nimepeleka gari mbele ya biro. Nimefungua milango yote. Viti vya kitambaa, kimoja kimepasuka. Gastoni amezunguka, ameinama, amegusa. Halafu akasema: "Mama, hapa Kasongo kila gari inakuja kwangu uchi. Ikirudi nyumbani inavaa."

Ni kweli. Watu wanang'oa vitu kabla ya ukaguzi, wanaficha chini ya kitanda, wakipata plaki wanarudisha. Hata mimi nilipanga kung'oa treyi. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma. Sikung'oa, na sasa mimi ndiye nawalipia waliong'oa.

Fakture ya Dar, karatasi ya kununulia, nimemuonyesha. Anasema fakture zote zinazopita kwake zinasema gari tupu.

Hakuomba kitu. Hilo linaniuma zaidi. Angeomba, ningejua bei.

Anasema njia ni moja: yule aliyesema kwa mikro aje aandike kwamba alisema uongo.

Ijumaa, 16 Mai

Yaya amekataa.

Ijumaa ijayo, tarehe 23, wanachagua mukubwa wa kamati ya musikiti. Jina lake liko la kwanza. Ndiye atakayeshika sanduku la pesa. Nani atampa sanduku mutu aliyeandika kwamba alidanganya penye dua? Anaomba ningoje mpaka tarehe 24. Ni Jumamosi. Biro imefungwa. Jumatatu yake ni 26.

Vitu sita vya gari alivijua kwa kichwa. Kalenda imemushinda.

Jumapili, 18 Mai

Kliniki wamenipigia. Kama sina plaki Jumatatu ile, kazi inakwenda kwa mutu wa Lusangi mwenye lori. Sikuwajibu vibaya. Wagonjwa hawangoji.

Nimepungukiwa 515. Mali yangu yote iko mu mupunga, na mupunga haujakauka. Wakopeshaji wa soko wanataka nusu juu yake. Hapana. Sikopi juu ya frigo ambayo haiko.

Jumanne, 20 Mai

Tumegombana uani kwake. Mke wake anasikia, majirani wanasikia. Nimemuambia: "Yaya, nina kiu. Nipe maji ya baridi, ya ile frigo." Hakucheka. Nimemuambia alikula mbuzi wangu, sasa anakula gari. Nimesema na mengine ambayo mama angeyasikia angenipiga kofi.

Aliacha nimalize. Halafu polepole: "Wewe ulikuwa kwa sufuria, hukusikia. Nyuma yangu walikuwa wanasema gari ya muuza samaki itanuka samaki. Nikaongeza frigo. Wakanyamaza. Nikaongeza ngozi."

Nimerudi kwa miguu. Hasira iko palepale, 525, ila sasa sijui nimuandikie nani.

Alhamisi, 22 Mai

Nilikuwa mu mustari wa biro toka saa mbili asubuhi, nimuombe Gastoni muda. Sikumuita yaya. Alikuja mwenyewe, amevaa kanzu ya Ijumaa. Watu kumi na wanne ndani, wawili ni wa kamati.

Aliandika amesimama. Gastoni akasema karatasi ya namna hii inasomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe. Akasoma:

"Mimi Ramazani nilisema mbele ya watu kwamba gari ya dada yangu ina frigo, kamera na viti vya ngozi. Haina."

Mutu mumoja nyuma alicheka. Yaya alitia kidole, akapangusa wino kwa kanzu, akatoka. Hakuniangalia.

Gastoni akakata mistari mitatu kwa rula. 1,290. Nimelipa, nimehesabu mara mbili mbele yake. Nikamuambia asije kula kwangu tena. Akasema, "Ndiyo, Mama," akaita mutu mwingine.

Ijumaa, 23 Mai

Plaki. Nimeifunga mwenyewe.

Yaya ameondoa jina lake kabla ya sala. Wamechagua mwingine.

Jumatatu, 26 Mai

Makartoni arobaini na mawili ya dawa. Nimeyapanga, nimefunika turubai.

Yaya alikuwa kwenye kona na mufuko mudogo. Anasema ana shauri Kabambare. Hana shauri Kabambare. Nimemufungulia mulango wa mbele.

Jumatano, 28 Mai. Kabambare

Tumefika leo saa tisa. Treyi mara tatu. Makartoni arobaini na mawili, yote makavu. Kliniki wametia sahihi ya mwaka.

Kwenye kila tope yaya alishuka kabla sijasema, akakunja suruali, akafunga kamba kwa muti, akanipungia mukono nivute.

Wanaume wa hapa walikuja kuzunguka gari. Wakamuuliza yeye, si mimi, gari hii iko na nini. Nilikuwa nyuma, nakunja turubai. Nikaacha kukunja.

Akasema: "Iko gari ya dada yangu. Inafika."

Wakangoja kidogo. Halafu wakaenda zao.

Nilitaka aongeze kitu. Hata kimoja.